Fuata kinanda: namna ya kusikia Journey ilivyobadilika

Wengi wakitaka kujua bendi imegeukia wapi hukimbilia sauti ya mwimbaji. Kwa Journey, bendi ya roki ya Marekani, utapotea, maana Steve Perry yumo kwenye Infinity (1978) na yumo kwenye Escape (1981). Aliyeondoka ni Gregg Rolie na ogani yake ya Hammond. Aliyeingia ni Jonathan Cain na piano na sinthesaiza.

Chukua albamu mbili tu, Departure (1980) yenye Rolie na Escape yenye Cain. Gitaa la solo ni Neal Schon, besi Ross Valory, dramu Steve Smith, kote kote. Ukianzia Infinity unajichanganya: huko dramu kapiga Aynsley Dunbar, na hutajua tofauti unayoisikia kaileta nani.

Pakua kabisa kabla hujaanza. Escape ina kama dakika 43. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde itakula bando la megabaiti 100 hivi. Vaa hedifoni, kwani spika ya simu inameza besi, na zima kile kitufe cha kuongeza besi. Subiri saa nne usiku, bajaji zipungue barabarani, kisha zima feni. Joto la Dar utalivumilia. Mvumo wa feni unafunika mwisho wa noti za piano.

Anza na "Any Way You Want It" ya Departure. Kiitikio kinakupokea mlangoni. Halafu weka "Don't Stop Believin'" ya Escape: piano inatangulia, sauti ya Perry inakuja, gitaa la Schon linajipenyeza baadaye kwa noti za mbiombio. Kiitikio chenyewe hakifiki mpaka dakika ya tatu ipite, na wimbo wote ni dakika nne na ushee! Mzoefu wa Msondo au Sikinde hatashangaa. Chemko, ile sehemu ya kuchangamka ya muziki wa dansi, nalo huwekwa mwishoni.

Rudia kila wimbo mara tatu: besi na dramu, kisha kinanda, kisha gitaa. Andika sekunde ambayo kila chombo kinaingia.

Kinachowaponza wengi ni ukubwa wa sauti. Matoleo yaliyosafishwa upya mara nyingi yako juu kuliko ya zamani, na sikio hupenda kilicho juu. Punguza moja mpaka mapigo ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, yalingane.

Jingine: Kevin Elson alitayarisha albamu zote mbili, ila mwenzake kwenye Departure ni Geoff Workman, kwenye Escape ni Mike Stone. Kwa hiyo dramu zikivuma tofauti, usimhesabie Cain.