SOMO: Kioo cheusi kwenye Raspberry Pi, jinsi ya kuwasha na kupunguza mwanga wake

Salama wakuu. Msimu wa korosho ukikaribia huku Mtwara naulizwa sana habari za vioo vya kuonyesha uzito ghalani, na swali ni lilelile, bodi ya Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo) inawaka ila kioo cheusi tii, kimeungua? Natumia mfano wa kile cha inchi 7 cha Raspberry Pi wenyewe, 800 kwa 480.

Kwanza shika hili, picha na mwanga ni vitu viwili. Picha inaletwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kioo, mwanga unatoka kwenye taa za nyuma yake na zenyewe zina draiva yao. Kwahiyo kabla hujafungua skrubu hata moja zima taa za chumbani, washa tochi ya simu, mulika kioo kwa ubavuni huku bodi inawaka. Ukiona maandishi hafifu kwa mbali basi picha ipo, kilichogoma ni taa tu. Watu wanaruka hii hatua wanatupa kioo kizima, inauma sana.

1. Zima umeme, chomoa fleksi (ule waya bapa wa kioo), iangalie meno yake. Kama unakaa Shangani au Mikindani karibu na bahari chumvi inakula hayo meno, futa kwa spiriti, acha ikauke, rudisha mpaka mwisho ufunge klipu.

2. Fungua /boot/firmware/config.txt (matoleo ya Raspberry Pi OS ya kabla ya Bookworm ni /boot/config.txt) hakikisha kuna:

display_auto_detect=1
dtoverlay=vc4-kms-v3d

Kioo kisipotambulika chenyewe ongeza dtoverlay=vc4-kms-dsi-7inch afu riboot.

3. Andika ls /sys/class/backlight/. Ukikuta jina humo, kerneli (kiini cha mfumo) imeiona taa. Jina linabadilika kutokana na toleo, usikariri.

4. Soma faili la max_brightness ndani ya folda hiyo, kwa kioo hiki ni 255, afu jaribu:

echo 120 | sudo tee /sys/class/backlight/*/brightness

Ukiandika sudo echo 120 > ... itakukatalia, maana sudo inaishia kwenye echo, kule kuandika kwenye faili kunabaki kwa yuza wa kawaida. Angalia na faili la bl_power humohumo, 0 ni imewashwa, 4 ni imezimwa. Ukiikuta 4 andika 0, mara nyingi kazi inaishia hapo.

MASWALI YA WADAU

Swali (Nachingwea): Kaka mimi natumia sola, kioo kinawaka kinafifia, kuna alama ya radi juu.
Jibu: Umeme mdogo ndugu yangu. Hiyo radi inatokea volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Andika vcgencmd get_throttled, ikileta 0x0 uko salama. Badilisha waya wa USB kwanza, ule mwembamba mrefu unakula volti njiani, afu shusha mwanga, taa inavuta umeme kweli.

Swali (Lindi mjini): Shikamoo fundi. Changu ni cha HDMI, folda ya backlight tupu.
Jibu: Marahaba. Ni kawaida, HDMI inapeleka picha tu, taa inaendeshwa na bodi ya kioo chenyewe. Tumia vitufe vyake.

Swali (Masasi): Mkuu nina bodi nyingine na kioo kitupu, nimeandika pwm-backlight (draiva ya taa inayopimwa kwa PWM, kuwasha na kuzima harakaharaka) kwenye device tree (faili la kuielezea kerneli vifaa vilivyopo), giza.
Jibu: Hakikisha kerneli ina CONFIG_BACKLIGHT_PWM, afu tazama default-brightness-level. Ile ni nafasi kwenye orodha ya brightness-levels. Kama orodha ni <0 16 64 128 255> na unataka mwanga wote andika 4, ukiweka 255 umezidi orodha, draiva inatoa onyo na kutumia nafasi ya mwisho, ukiweka 0 ni giza. Kipindi cha pwms ni nanosekunde, 1000000 ni kHz 1. Na taa usiiunge moja kwa moja kwenye pini ya GPIO, pitisha kwenye draiva ya LED (hii ni saketi, siyo programu), pini haiwezi mzigo huo utaiua bodi.