Jinsi ya kufunga dishi kwenye balkoni yako Marekani bila kupigwa faini na HOA (chama cha wamiliki wa nyumba)

Tuanze na jambo ambalo meneja wa jengo hatakwambia: kwa dishi la kawaida, kwenye sehemu yako, huombi ruhusa. FCC, tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, ina kanuni iitwayo OTARD inayofanya kazi tangu Oktoba 1996. Kanuni hiyo inakikataza chama cha wamiliki kuweka sharti linalochelewesha ufungaji bila sababu ya msingi, linalopandisha gharama isivyostahili, au linalokunyima mawimbi mazuri. Ada ya maombi, kibali cha kamati ya muonekano wa jengo, kulazimishwa kuleta fundi wa kampuni: kwa kawaida hayo yote hayaruhusiwi. Wapangaji nao waliingizwa Januari 1999, kwa hiyo usitishwe na "wewe si mwenye nyumba".

Mimi ada nilitozwa. Kisha fomu ikalala, maana kamati kila ikiitwa akidi haitimii. Mjumbe mmoja yuko Florida, mwingine ana mafua. Fundi wa dishi alipokuja akataka karatasi yenye saini ya chama, akaikosa, akaondoka na hela yake ya kuja bure. Ndiyo maana nakwambia: kabla ya kumwita fundi, uliza kampuni yake kama inadai karatasi hiyo. Nyingi zinadai, hata pale sheria haidai.

Kipimo ni rahisi. Kipenyo kisizidi mita 1. Madishi ya nyumbani ya siku hizi yako chini ya hapo, hata lile la Starlink, la intaneti ya setilaiti. Ukiishi Alaska, weka la ukubwa wowote.

Sasa tuje kwenye mahali, maana kesi nyingi hufia hapa. OTARD inakulinda kwenye eneo ambalo unalitumia wewe peke yako: balkoni yako, kibaraza chako, kiuga chako kidogo. Hati za jengo zinaweza kusema balkoni ni mali ya wote. Haidhuru, mradi matumizi ni yako tu. Lakini paa na ukuta wa nje ni vya wote, na huko huna haki yoyote. Dishi likining'inia nje ya reli ya balkoni, hata kwa kiasi kidogo, chama kitasema limeingia eneo la pamoja, na kitakuwa sahihi. Usilifunge kwenye reli kwa nje. Lisimamishe sakafuni, kwenye stendi ya miguu mitatu au kwenye ndoo ya zege, lote likae ndani ya mstari wa balkoni. Ndoo ya zege haipendezi, najua, lakini haivuki mstari.

Kabla hujakoroga zege, angalia balkoni inatazama wapi. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, hii hii inayopita Nanyuki, kwa hiyo ukiwa Marekani dishi la televisheni lazima litazame kusini. Balkoni ikitazama kaskazini, kanuni haikupi haki ya kupanda paani. Mti wa jengo ukiziba mbele, haikupi haki ya kuukata pia.

Waya nao una mtego wake. Usitoboe ukuta wa nje, chama kinaweza kukuzuia kihalali na kukudai matengenezo. Ziko waya bapa zinazopita chini ya mlango wa kioo. Nunua hiyo, mjadala unaisha.

Barua ya onyo ikija, soma wametaja sababu gani. Wakisema "muonekano", jibu kwa maandishi, ambatisha nakala ya kanuni (namba yake ni 47 CFR 1.4000), piga picha ya dishi likiwa ndani ya reli, tuma kwa barua iliyosajiliwa. Kwangu sauti ya meneja ilibadilika baada ya hapo, ingawa ada haijarudi mpaka leo. Wakisema "usalama", hiyo ni sababu halali, ila lazima iwe imeandikwa wazi na isikubebeshe mzigo kuliko inavyohitajika. Kuziba njia ya kutokea moto ni usalama. Kuogopa upepo huku jirani ametundika vyungu vya maua vizito si usalama. Jengo lililo kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria nalo lina nafasi ya kukataa.

Wakisema "paani tuna dishi la wote", uliza lina chaneli unazotaka wewe. Dishi la pamoja linaweza kuzuia lako pale tu linapokupa huduma ile ile uliyoitaka, kwa ubora ule ule, kwa gharama isiyozidi ya dishi lako binafsi, bila kukucheleweshea. Lisipokuwa na chaneli zako, hoja yao imeanguka.

Wakishikilia faini, unaweza kwenda mahakamani au kupeleka ombi FCC wenyewe waamue kama sharti ni batili. Hakuna fomu maalumu. Eleza dishi, kipimo chake, lilipo, nani anatumia eneo hilo. Ambatisha sharti lenyewe neno kwa neno na barua zote mlizoandikiana. Nakala lazima uwapelekee chama, pamoja na uthibitisho kwamba umewapelekea. Ukiruka hilo, ombi haliendi kokote. Wajibu wa kuthibitisha kwamba sharti ni halali ni wa chama, si wako. Shauri likiwa linaendelea hawaruhusiwi kukukamua faini, isipokuwa sharti ni la usalama au la jengo la kihistoria. Ukishindwa, unapewa angalau siku 21 za kutii, na ukitii ndani ya siku hizo hawakutozi kitu, ila wakionyesha kwamba ombi lako lilikuwa la mzaha tu.