Sensa ya Noki Kwanza, Nguvu Baadaye: Kutengeneza na Kuboresha Gari la Turbo

Taa ya cheki injini inapowaka na gari la turbo likaanza kuwa zito, wamiliki wengi hufikiria kuongeza kitu: bomba pana zaidi la ekzosi, turbo kubwa zaidi, au programu mpya kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaanza na sensa moja iliyokufa, ile ya noki, na hauingii kwenye maboresho mpaka sensa hiyo irudi kazini, kwa sababu kila nguvu utakayoiongeza baadaye itategemea taarifa zake. Mfano ninaoutumia ni Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ20, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1992, ingawa hatua nyingi zinafaa kwa gari lolote la petroli lenye turbo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Gereji fundi akisema injini imenoki, kwa kawaida anamaanisha kwamba beringi za konrodi zimekwisha na injini ni ya kufunguliwa yote. Noki ninayoizungumzia hapa ni nyingine, nayo hutangulia maafa kama hayo: mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki kandokando ya silinda hujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlipuko huo hutikisa kuta za silinda, na katika silinda yenye kipenyo cha milimita 92 kama za EJ20 mtetemo wake huwa karibu kHz 6. Sensa ya noki imefungwa kwenye bloku kwa bolti moja, na ndani yake kuna kipande cha kristali kinachotoa umeme kidogo kinapotikiswa. Kontroboksi ikisikia mtetemo wa aina hiyo huchelewesha cheche kidogo, noki inakoma, kisha huirudisha cheche polepole mahali pake.

Sensa hiyo ikifa, kontroboksi inabaki kama kiziwi aliyepewa kazi ya ulinzi. Kwa kuwa haiwezi tena kujua kama injini inanoki, hujihami kwa kuchelewesha cheche muda wote. Ndiyo maana gari linakuwa zito, petroli inaisha upesi na ekzosi inapata joto kuliko kawaida, ingawa turbo yenyewe haina tatizo lolote. Nimeona watu wakinunua turbo nyingine kwa dalili hizi.

Kuhakikisha kwamba ni sensa kweli

Chomeka mashine ya kusomea makosa. Kosa la P0327 linasema kwamba mawimbi ya sensa ya noki yako chini mno, na P0328 linasema yako juu mno. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema kwamba sensa yenyewe imekufa, kwani waya uliokatika, plagi ya waya iliyoingia oili, au athi mbovu huweza kuleta kosa lile lile. Chomoa plagi ya sensa, pima ukinzani wake kwa multimita, na kwenye Subaru za aina hii utarajie kusoma karibu kΩ 560. Mita isiposoma chochote, ama kristali ama waya wa ndani umekatika. Ukipata kipimo sahihi, fuata waya kutoka kwenye sensa mpaka kwenye kontroboksi kabla hujanunua kifaa chochote, na uuvute kidogo kidogo huku ukiangalia mita, maana waya uliokatikia ndani ya ganda lake hujificha mpaka utikiswe.

Kuitoa na kuifunga

Injini iwe imepoa kabisa. Toa terminali hasi ya betri. Kwenye WRX kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, kimekaa juu ya injini, na sensa iko chini yake, juu ya bloku, upande wa nyuma karibu na giaboksi. Legeza klempu za mipira, fungua bolti za intakula na vali ya kupumulia iliyoungwa nayo, kisha inyanyue. Papo hapo ziba mdomo wa turbo na mdomo wa throtobodi, pale hewa inapoingilia kwenye injini, kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, tena vikubwa kiasi kwamba haviwezi kumezwa wala kusahaulika. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na nati moja iliyodondokea humo huweza kukugharimu kuliko kazi yote uliyokusudia.

Mulika tochi. Utaiona sensa, kitu cheusi cha mviringo chenye tundu katikati, na mara nyingi imezungukwa na vumbi lililochanganyika na oili. Piga hewa au safisha kwa brashi kabla ya kugusa bolti, kisha piga picha ya upande ambao waya wake umeelekea, kwa kuwa kiwanda kimepanga pembe ya waya huo, ukielekea nyuma ya injini, ili usiguse kitu na usivutike. Fungua kwa soketi ya milimita 12 yenye kiungo kirefu. Plagi ya waya nayo ina kufuli la plastiki ambalo joto la miaka limelifanya kuwa kavu kama ganda la yai. Libonyeze kwa kidole gumba huku ukivuta plagi yenyewe, wala usivute waya.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Sensa hii husikia kwa kugusana na chuma, kwa hiyo sehemu inapokaa lazima iwe chuma kitupu: futa kutu, rangi na mafuta, usiweke washa ya aina yoyote, wala usipake silikoni. Ikalishe katika pembe ile ile ya picha, kisha kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, mpaka Nm 24. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikaza kwa hisia za mkono, na mkono wangu ulikuwa umezoea nati za magurudumu. Taa haikuwaka, kosa halikuonekana, lakini gari lilibaki zito kwa wiki mbili, na niliporekodi data nikakuta kontroboksi inachelewesha cheche hata ninapoendesha taratibu barabarani. Sensa iliyokazwa kupita kiasi inasikia kelele za kawaida za injini kana kwamba ni noki, na iliyolegea haisikii noki yenyewe. Nilinunua nyingine, nikaazima spana ya toki, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Ukishamaliza toa vitambaa, uvihesabu, rudisha intakula, hakikisha kila mpira umekaa kwenye mdomo wake kabla ya kukaza klempu, kisha futa makosa. Endesha kwa upole kwa muda ili kontroboksi ijifunze upya.

Sasa maboresho

Mpangilio ninaoupendekeza ni kupima, kisha mafuta (yaani petroli na uchomaji wake), kisha hewa, na programu mwisho. Wengi huanza na hewa kwa sababu ndiyo inayotoa sauti.

Kupima kuna sehemu mbili. Kwanza pima kompresheni ya silinda zote nne. Tofauti ikizidi takriban asilimia 10 kati ya silinda na silinda, acha habari ya kuongeza nguvu na utafute chanzo. Pili, funga geji ya shinikizo la turbo na sensa ya oksijeni ya masafa mapana, kwa mfano Bosch LSU 4.9. Sensa ya kiwandani, ya masafa finyu, hujua tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na uwiano huo hauna maana turbo ikiwa imejaza. Chini ya mzigo kamili unataka kuona karibu 11 hadi 11.5 kwa 1 kwenye injini hizi, kwani petroli ya ziada hupoza chumba cha mwako.

Upande wa mafuta, badilisha plagi za moto kwa zile zenye namba moja baridi zaidi. Kwa NGK ni kutoka 6 kwenda 7. Pampu yenye uwezo mkubwa ni bora ifungwe kabla ya kuhitajika, na injekta zikishafika asilimia 85 ya muda wake wa kufunguka, hizo zimefikia mwisho wake.

Hewa inahitaji uangalifu zaidi. Bomba pana linalotoka kwenye turbo huifanya izunguke kwa wepesi, lakini pia huweza kupandisha shinikizo bila kuombwa, kwa sababu westigeti, kile kilango kidogo kinachopitisha moshi pembeni ya turbo, haiwezi tena kupunguza moshi wa kutosha. Bomba la kuingizia hewa lenye kipenyo tofauti nalo huidanganya sensa ya mtiririko wa hewa: sensa hiyo hupima kasi ya hewa mahali pamoja tu, hivyo bomba likipanuka itaripoti hewa pungufu, kontroboksi itatoa petroli pungufu, na noki tuliyoizungumzia tangu mwanzo itarudi. Kwa sababu hiyo usifunge bomba kama hilo bila programu mpya. Kuhusu kichujio cha moshi cha kataliti, kiache kama sheria ya barabara unazotumia inakitaka. Kataliti ya kisasa yenye matundu mapana hupunguza nguvu kidogo sana.

Breki na klachi nisizizungumzie kwa urefu, ila zibadilishwe kabla ya siku ya programu.

Programu yenyewe ifanywe na mtu anayerekodi data, na kifaa cha kupandisha shinikizo la turbo peke yake hakiwezi kuchukua nafasi yake. Pistoni za kiwandani za injini hizi hupasuka kwenye kingo za kati ya ringi pindi noki inapoachwa iendelee, na ufa huo hauonekani mpaka injini ianze kula oili. Baada ya programu kuwekwa, tafuta mahali salama palipofungwa, weka gia ya tatu, kanyaga kikamilifu kutoka mizunguko 2,500 kwa dakika mpaka karibu na mwisho, kisha fungua rekodi na uangalie safu ya marekebisho ya cheche. Sifuri ni sawa. Ikionyesha mara moja tu nyuzi moja au mbili hasi, yaani cheche imecheleweshwa, rudia jaribio baada ya kuiacha injini ipoe kidogo. Ikijirudia palepale kwenye mizunguko ile ile, ondoa mguu, na umrudishie fundi rekodi hiyo kabla ya kuendesha tena kwa mzigo.