Bunduki Kuukuu ya Kijeshi: Jinsi ya Kuimiliki Kihalali, Kuipiga na Kuitunza

Mwaka 1916, Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haishikiki tena, waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito. Meli iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na watu wa Kigoma wameisafiria kwa vizazi kadhaa tangu hapo. Nimeanza na meli kwa sababu kilichoiokoa ndicho kinachookoa bunduki yoyote ya zamani: chuma hakiharibiwi na miaka, huharibiwa na maji na chumvi pale kinapoachwa bila kinga, na kazi kubwa ya mwenye bunduki kuukuu ni kuviondoa vitu hivyo viwili siku ileile vinapoingia.

Mwongozo huu unahusu bunduki za bolti, yaani zenye chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi, zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi, zikastaafishwa, zikauzwa kwa raia: hasa Lee-Enfield ya Waingereza, ambayo wengi hapa Tabora huiita "sirii-noti-sirii" kutokana na kaliba yake, .303, yaani kipimo cha risasi yake, na Mauser ya Wajerumani. Hauhusu SMG wala silaha yoyote inayofyatua mfululizo, kwa kuwa hizo si za raia. Hauhusu pia magobore yanayofuliwa vijijini, ambayo kuyatengeneza bila kibali ni kosa, na mengi yao humdhuru mpigaji kabla ya kumfikia mnyama.

Historia yenyewe iko chini ya miguu yetu. Tabora iliangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, baada ya mapigano ya Lulanguru na Itaga, na katika vita hiyo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, baadhi ya askari Waafrika wa Kijerumani walianza wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi mojamoja ya baruti nyeusi ambayo wingu la moshi wake lilimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Waingereza na King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika, walibeba Lee-Enfield, na baada ya vita kaliba hiyo ya .303 ikaendelea kutumiwa na askari wa idara ya wanyamapori kwa miongo mingi. Hata hivyo, ukilima ukakuta mtutu uliooza, risasi au bomu la zamani, usilibebe nyumbani hata kama unaona ni chuma kifu. Weka alama mahali pale, wazuie watoto, kisha uwaite polisi, kwa maana baruti iliyokaa ardhini zaidi ya miaka mia moja haijapoteza uwezo wake wa kulipuka.

Jambo la kwanza kulishughulikia ni leseni, na lishughulikiwe kabla ya kuizungumzia bei. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala umiliki wa silaha kwa raia. Maombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji unakoishi, ambako watu wanaijua tabia yako, yakapanda hadi polisi. Kabla ya kuanza maombi, nenda kituo cha polisi cha wilaya, uulize masharti yaliyopo sasa, uyaandike. Leseni ni ya mtu na ni ya silaha iliyotajwa ndani yake: hairithiwi kimyakimya, haiazimwi kwa shemeji anayetaka kufukuza nguruwe shambani, na mwenye silaha akifariki, familia inapaswa kuikabidhi kwa polisi ili taratibu za mrithi zifuatwe. Sisi wa mikoa hii ya magharibi tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, kwa kuwa Kigoma inapakana na nchi zilizopitia vita. Bunduki inayotolewa kwa bei ya kutupa, bila karatasi, huko mwaloni au kwenye kijiji cha mpakani, karibu kila mara imetoka kwenye damu. Usiiguse, na usikubali hata kuishikia mtu kwa usiku mmoja. Serikali hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na hiyo ndiyo njia ya heshima kwa aliyeikuta darini kwa babu.

Ukiwa na kibali, ukaonyeshwa bunduki na muuzaji mwenye leseni, usivutiwe na mbao zilizong'arishwa. Toa bolti, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, mahali risasi inapokaa ikingoja kupigwa, haina kitu, kisha elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie kutokea upande wa chemba. Ile mitaro inayozunguka ndani inapaswa kuonekana yenye kingo kali hadi mdomoni. Weusi kidogo si tatizo, bali mashimo madogo kama ya ndui yaliyotapakaa urefu wote yanaonyesha kwamba mtutu uliachwa na chumvi. Tazama pia mdomo wa mtutu, kwa sababu kamba ya kusafishia iliyovutwa kwa kuegemea upande mmoja miaka mingi huutafuna, na bunduki yenye mdomo uliotafunwa haitakusanya risasi mahali pamoja hata ikilengwa na bingwa.

Baada ya hapo soma mihuri. Kwenye Lee-Enfield za zamani, pembeni mwa shingo ya kitako kuna taji, jina la kiwanda na mwaka: Enfield, BSA, Lithgow ya Australia, Ishapore ya India. Namba iliyo kwenye mpini wa bolti ilingane na namba ya mwili wa bunduki. Zisipolingana, bolti imetoka kwenye bunduki nyingine, na nafasi inayobaki kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda huenda si sahihi; nafasi ikizidi, ganda hukatika vipande viwili ndani ya chemba na gesi ya moto hurudi upande wa uso wako. Fundi bunduki anayetambulika aipime kwa geji kabla haijapigwa hata mara moja. Herufi DP maana yake ni kwamba jeshi liliitoa bunduki hiyo kwa mazoezi ya gwaride tu, nayo haipigwi kabisa. Tena kuna Ishapore 2A, ambayo kwa sura ni Lee-Enfield kabisa lakini inatumia risasi ya 7.62 ya NATO, si ya .303.

Mauser ina mtego wake. Risasi ya Wajerumani ya mwaka 1888 ilikuwa na kipenyo cha milimita 8.08, ile iliyoanza kutumika mwaka 1905 ina milimita 8.20, na maganda yao yanafanana. Kuisukuma risasi nene katika mtutu mwembamba hupandisha shinikizo kupita kiasi, kwa hiyo mtutu wa Mauser ya zamani upimwe na fundi, usikisiwe. Ile ya mwaka 1871 iachwe iwe ya kutazamwa, kwani chuma chake kilikusudiwa baruti nyeusi tu.

Bunduki iliyotoka ghala la jeshi mara nyingi huja imezama katika grisi ya kahawia iitwayo kosmolini. Iondoe kwa mafuta ya taa na brashi, nje ya nyumba, mbali na jiko la mkaa, na usitumie petroli. Grisi iliyoingia ndani ya mbao huitoa jua: zifunge mbao kwa kitambaa chakavu, ziweke ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, uzianike mchana. Jua la Tabora la Septemba na Oktoba linafanya kazi hiyo vizuri kuliko dawa yoyote ninayoijua. Rudia kila siku hadi kitambaa kitoke kikavu. Usitie msasa kwenye mbao wala kwenye chuma, kwa sababu ukifuta mihuri umeifuta bunduki historia yake, na hakuna fundi atakayekurudishia.

Kwenye Lee-Enfield ya Namba 1, ile fupi ya Vita Kuu ya Kwanza, kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya. Wanaona kitako kinacheza, wanaingiza bisibisi ndefu nyuma ya kitako na kuizungusha skrubu. Ncha ya skrubu ile imekaa ndani ya mbao ya mbele, na ukiizungusha kabla ya kuivua mbao hiyo unaipasua. Vua mbele kwanza, kitako baadaye.

Kuhusu risasi, nunua za kiwandani kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, wala usizitengeneze nyumbani. Ukipata za kijeshi za zamani, kagua kila ganda: lenye ufa shingoni au kutu ya kijani lirudishwe. Zile za .303 za Waingereza nyingi zina kordaiti, baruti yenye umbo la nyuzi, na fataki zake, vile vidonge vya kuwashia baruti vilivyo kwenye kitako cha ganda, huacha chumvi ndani ya mtutu. Kwa macho huwezi kujua fataki ipi ina chumvi, hivyo mimi huzichukulia risasi zote za kijeshi kwamba zinayo.

Piga mahali palipoidhinishwa tu, na sharti la kwanza la mahali hapo ni kingo ya udongo mrefu nyuma ya shabaha. Risasi ya .303 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, na ile inayogonga mawe ya itale yaliyotapakaa Tabora huruka kuelekea isikotarajiwa. Ziba masikio, vaa miwani. Unapojaza magazini ya Lee-Enfield, ukingo wa kila risasi ukae mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake, la sivyo zitanasana. Legeza mkono, weka bunduki juu ya kiroba cha mchanga, vuta pumzi, itoe nusu, ubane kifyatulio polepole. Usishangae ikipiga juu ya shabaha ya mita 100, kwa kuwa kilengeo cha Lee-Enfield ya Namba 1 kinaanzia yadi 200 na cha Mauser ya 1898 ya asili kinaanzia mita 400. Lenga chini kidogo, usikimbilie kukata chuma cha kilengeo. Risasi ikigoma, usifungue bolti. Acha mdomo wa mtutu ukielekea shabaha, hesabu sekunde 30 kamili, kwa sababu fataki iliyozeeka inaweza kuchelewa kuwaka.

Sasa nifike kwenye usafi, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Bunduki yangu ya kwanza, Lee-Enfield yenye mtutu safi, niliipiga risasi kumi za kijeshi, nikaipangusa kwa mafuta mengi ya bunduki, nikaifunga nikiwa nimeridhika. Ilikuwa Januari, mvua zikinyesha. Baada ya wiki mbili nilichungulia mtutu nikaona wekundu kuanzia chemba hadi mdomoni. Niliipeleka kwa mzee mmoja, askari mstaafu wa wanyamapori, nikamwamkia na kumweleza kwamba nilitumia mafuta mazuri. Aliinusa, akaniambia, "Mwanangu, chumvi huioshi kwa mafuta. Mafuta umeifunika tu." Ndivyo ilivyo. Fataki za aina ile zina klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua hubaki kuwa kloridi ya potasiamu, jamaa wa chumvi ya mezani. Hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuuleta kwenye chuma. Mafuta hayaiyeyushi hata kidogo. Maji huiyeyusha mara moja.

Kwa hiyo, jioni ileile ya kupiga, chemsha maji. Toa bolti, shikilia bunduki ikiwa imeinamishia mdomo chini, tia mpira mdogo au mrija wa faneli ndani ya chemba ili maji yasiingie chini ya mbao, kisha mimina kama nusu lita ya maji yanayochemka yapite hadi nje. Mtutu utapata moto, na joto hilo litausaidia kukauka. Osha vilevile uso wa bolti, kwani chumvi hurudi hadi pale. Vuta kitambaa kikavu kutoka chemba kuelekea mdomoni, ukibadilisha hadi kitoke bila unyevu, kisha ndipo uvute kitambaa chenye mafuta. Wenye Lee-Enfield wafungue kifuniko cha shaba nyuma ya kitako: mle ndimo jeshi lilimoweka kamba ya kusafishia na kichupa cha mafuta, na wakati mwingine bado vimo. Vuta kamba ikiwa imenyooka katikati, isiguse ukingo.

Mafuta yawe ya bunduki, au mafuta mepesi ya mashine. Nimewaona watu Kigoma wakitumia mawese kwa kuwa yapo kila nyumba, lakini mawese huganda kwa baridi na kuchacha kwa joto, na mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya mtambo. Kwa mbao, paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa kiganja, usugue hadi yapate joto, uache siku nzima. Nta ya nyuki ya Tabora, ikilainishwa kwa mafuta hayohayo, ni kinga nzuri juu yake, na ndiyo ninayoitumia kabla ya mvua kuanza.

Mahali pa kuhifadhi pawe kabati la chuma lililofungwa ukutani, bolti ikae penginepo kwa kufuli lake, na risasi penginepo tena. Mkoba wa ngozi au wa turubai ni wa safarini. Ukiiacha bunduki humo karibu na ziwa, utaikuta imechora kutu kwa umbo la mshono. Isisimame juu ya sakafu ya saruji. Kuanzia Novemba hadi Aprili ikague kila baada ya wiki mbili. Kiangazi, mara moja kwa mwezi inatosha.

Asubuhi inayofuata baada ya kuosha, vuta kitambaa cheupe mara moja tena. Kikitoka na rangi ya chai, chumvi imebaki, na maji yachemshwe upya. Kikitoka cheupe chenye mafuta tu, rudisha bunduki kabatini na ufunge.