Pikapu ya Fowili Inalia Mbele: Tafuta Chanzo Kabla Hujanunua Spea

"Fundi, gari linagonga mbele, nimekuja na shokapu mpya." Maneno haya nayasikia sana kwa wenye pikapu za fowili, zinazoweza kusukumwa na magurudumu yote manne, hapa Tabora, hasa masika yakiisha na magari yakirudi kutoka Sikonge na Kaliua. Spea imenunuliwa, ugonjwa haujajulikana. Ukiwa umekaa ndani, beringi, krosi (kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha ya propela) na tairi vinaweza kutoa mlio unaofanana kabisa. Kinachovitenganisha ni lini mlio unatoka. Kwa hiyo kazi inaanzia barabarani, jeki baadaye.

Maelezo haya ni ya pikapu zenye habu za friwili, yaani vitovu vya magurudumu ya mbele unavyovifunga kwa mkono vishikane na ekseli, au kuvifungua viachane nayo.

Hatua ya 1: Osha ringi kwa ndani

Tope jeusi la mbuga likikaukia ndani ya ringi, tairi linakosa balansi na usukani unatetemeka. Niliwahi kushusha propela ya mbele (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele) ya gari lililotoka kubeba asali, nikabadilisha krosi zote mbili, na bado likatetemeka kwenye kilomita 80 kwa saa. Chanzo kilikuwa bonge la tope ringi ya kushoto. Nilimrudishia mwenye gari pesa ya ufundi, ila krosi alikuwa ameshazinunua. Tangu siku hiyo sishiki spana kabla ya maji.

Ukimaliza kuosha, kaza nati, sawazisha upepo, pitisha kiganja kwenye tairi uone kama limevimba.

Hatua ya 2: Endesha habu zikiwa wazi

Tafuta kipande cha lami kilichotulia, kwa mfano barabara ya Urambo ukishatoka mjini. Mwenzako aendeshe, wewe usikilize. Gia iwe 2H, yaani nguvu iende magurudumu ya nyuma tu. Pandeni taratibu hadi 80.

Mvumo unaoongezeka mkikunja kidogo kushoto unaelekeza kwenye beringi ya kulia, kwa sababu uzito wa gari umehamia upande huo. Usipobadilika mkikunja, hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mvumo ukihama nao, ni tairi. Kutetemeka mnapokanyaga breki tu, kagua diski.

Hatua ya 3: Funga habu, rudia njia ileile

Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka, na hapa ndipo penye jibu. Habu zikiwa wazi na gia ikiwa 2H, ekseli za ndani, difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kushoto na kulia) na propela ya mbele havizungushwi na magurudumu. Simama, funga habu zote mbili, gia ibaki 2H, kisha rudieni mwendo uleule. Sasa vyote hivyo vinazunguka. Mlio uliokuwa haupo ukitokea, sahau beringi za magurudumu. Tafuta kwenye propela, difu au jointi za ekseli. Mlio ukibaki vilevile, umeondoa nusu ya vitu vya kufungua bila kuchafua mikono.

Usifanye jaribio hili kwa 4H (magurudumu yote manne yakivuta) kwenye lami kavu. Ukikata kona gari litashtuka na kubana hata likiwa zima. Jointi za ekseli zijaribu kwenye mchanga: 4L (yote manne, gia nzito), usukani umekunjwa hadi mwisho, mwendo wa polepole. Ukisikia tak-tak-tak, jointi imekwisha.

Hatua ya 4: Jeki

Weka magogo nyuma ya tairi, ubao mnene wa mninga chini ya jeki, na stendi chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingpini au boli jointi, viungo ambavyo gurudumu hugeukia unapokata kona. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo unaoonekana kwa mshiko huu tu ni wa tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza magurudumu.

Beringi iliyolegea si lazima ibadilishwe. Fungua, osha, angalia kama ina mikwaruzo au rangi ya kuungua, weka grisi mpya, kaza upya. Ukazaji upime kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia samaki, ukifuata kipimo cha kitabu cha gari lako.

Hatua ya 5: Propela

Zungusha kwa mkono huku na huku. Krosi yenye mchezo utaiona. Kama propela iliwahi kufunguliwa, angalia uma (vishikio vya krosi) za ncha zote mbili: lazima zilale mstari mmoja. Propela ikirudishwa imeruka hata jino moja pale inapoungana, itatetemeka ingawa kila kitu ni kipya. Piga alama ya rangi kabla ya kuichomoa.

Kama usukani unapigana na mikono yako ghafla baada ya kuingia shimo, anza na kingpini na bushi. Dampa mpya ya usukani (shokapu ndogo inayotuliza usukani) itaficha ugonjwa kwa muda tu.

Ukishafunga, rudi barabara ileile, kilomita 20. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuishika. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake na breki haijanata, beringi umeikaza mno. Ilegeze kabla gari halijaondoka.