Ukija Dar, jipe shughuli

Wifi yangu wa Nairobi alikaa kwangu Magomeni siku nne. Siku mbili za kwanza kaka yangu aliazima gari wakazunguka: Coco Beach, Makumbusho ya Taifa, Mlimani City, chakula cha jioni Masaki. Mara zote mbili alirudi amechoka, akaniambia Dar ni joto na foleni. Asubuhi ya tatu nikampa hela na kikaratasi: kitenge cha kushona gauni, bitana mita mbili, zipu ndefu inayoendana na rangi ya kitenge. "Nenda Mtaa wa Uhuru, wifi. Ukikwama, uliza."

Alitoka saa tatu, akarudi saa tisa alasiri. Vitu vyote vimo. Alikuwa amekula wali kwa mama lishe, na mzee mmoja mwenye duka alikuwa amemfundisha kusoma khanga. Aliongea hadi chai ikapoa. Tangu siku ile kila mgeni wangu nampa shughuli kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, nilikuja mjini kutoka Tabora mwaka 2003. Ninachokijua kuhusu Dar nimekijua kwa kutumwa na kujituma: kufuata uzi, kufuata vishikizo, kupeleka nguo kwa mteja Tandika, kununua samaki wa msiba. Mwenyeji wa hapa hatoki nyumbani kwenda "kuona mji". Anakwenda kubadilisha kioo cha simu, kumwona mgonjwa Muhimbili, kusuka nywele. Ukiwa na shughuli unapata sababu ya kumsimamisha mtu na kumuuliza, naye anapata sababu ya kukujibu. Ukiwa huna, unaongea na wanaokuuzia vinyago tu.

Shughuli ninayoipendekeza kuliko zote ni kushonesha nguo, na sisemi hivyo kwa kuvutia wateja. Mshono unakurudisha mtaa uleule mara tatu: kupimwa, kujaribu, kuchukua. Mara ya kwanza wewe ni mgeni. Mara ya pili muuza maandazi wa barazani anakuuliza, "Bado tu?" Mara ya tatu unaletewa kigoda ukae. Anza siku ya kwanza ya safari, na utafute fundi wa karibu na unapolala, wala si yule uliyesifiwa aliye upande wa pili wa mji.

Kitambaa kanunue Kariakoo. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa yake inataja watu na mahali walikotoka: Nyamwezi, Swahili, Congo, Likoma. Mimi Mnyamwezi nilipoliona bango la mtaa wetu kwa mara ya kwanza nilisimama nikalisoma mara mbili. Mtaa wa Congo umejaa nguo za tayari na kelele za spika, na ukiingia Jumamosi mchana unasukumwa tu. Vitenge na khanga viko Uhuru. Fika kabla ya saa nne, maduka yakiwa yamefunguliwa na jua halijakolea, na wenye duka bado wana nafasi ya kuongea.

Usianze kwa bei. Salimia kwanza. Aliyekuzidi umri ni shikamoo, hata kama ndiye anayekuuzia. Kisha sema "naomba kuona kile cha bluu". Wifi yangu alizoea kusema "nipe", na kwao hakuna ubaya, lakini hapa neno hilo linasikika kama amri, na mtu hata asipokukasirikia anakujibu kwa mkato. "Naomba" na "samahani" yatakufikisha mbali kuliko ramani ya simu. Bei ikitajwa, uliza taratibu, "Ya mwisho ngapi?" Punguzo la elfu moja au mbili ni la kawaida. Ukitaja nusu ya bei kwenye duka la vitambaa unamvunjia mtu heshima, maana faida yao kwa pande moja ni ndogo, wanategemea wanaonunua kwa jora.

Khanga inataka utulivu. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno chini. Mzee yule alimwambia wifi: rangi inachaguliwa na macho, jina linachaguliwa na unayempelekea. Ukimpelekea mama mkwe khanga iliyoandikwa "Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi", umemtangazia vita bila kujua. Soma jina kwa sauti mbele ya muuzaji, muulize wanawake wa hapa wanalichukuliaje. Mimi nimekaa robo saa nzima dukani nikisikiliza akina mama watatu wasiojuana wakibishana juu ya jina moja. Na khanga hununuliwa kwa doti, pande mbili pamoja. Ukitaka pande moja watakushangaa.

Mkoba Kariakoo unakaa mbele ya kifua. Simu usiitoe katikati ya barabara, ingia dukani ndipo upige. Kwenye daladala usiishike karibu na dirisha. Haya wenyeji tunayafanya bila kufikiri, na wewe yafanye hivyohivyo, bila woga. Na kama umevaa nyekundu au kijani, ujue pale ni nyumbani kwa Simba na Yanga: klabu moja iko Mtaa wa Msimbazi, nyingine Jangwani, hatua chache. Utaitwa mwenzetu au utataniwa. Jibu kwa kicheko, tayari una marafiki.

Kuhusu usafiri. Mtu wa Dar hakuelekezi kwa namba ya nyumba. Anakupa kituo, kisha kitu kinachoonekana, kisha jina la mtu. "Shuka Sinza kwa Remmy, fuata njia ya duka la dawa, uliza kwa mama Asha." Kwa Remmy ndiyo hiyo ya marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akawa wetu kabisa. Alifariki 2010, na makonda bado wanamtaja kutwa nzima. Mbagala Rangi Tatu, Buguruni Sheli, Magomeni Mwembechai: ukiyajua majina haya unaujua mji. Kwa hiyo usiulize "ni mtaa gani?" Uliza "nishuke kituo gani?"

Kuna mitego miwili inayowapoteza wageni wangu kila mara. Wa kwanza ni Mbezi. Iko Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, na iko Mbezi ya Kimara, Barabara ya Morogoro, kilipo kituo kikuu cha mabasi ya mikoani cha Magufuli. Ukikosea umekwenda upande mwingine kabisa wa mji na jua linazama. Wa pili ni Makumbusho. Konda akiita "Makumbusho, Makumbusho!" anakwenda stendi ya Kijitonyama, jirani na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za jadi za makabila. Makumbusho ya Taifa yako mjini, upande wa Posta, Mtaa wa Shaaban Robert.

Daladala zina mstari wa rangi kulingana na njia, na mwanzo na mwisho wa safari umeandikwa mbele. Jina lenyewe lilitokana na "dala", sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli miaka ya themanini. Uwe na hela ndogo, maana kumpa konda noti ya elfu kumi asubuhi ni kumtia kwenye shida na abiria wote. Kabla ya kituo chako sema kwa sauti, "Shusha!" Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, yana njia yake peke yake, kwa hiyo jioni yanakuokoa na foleni ya Barabara ya Morogoro. Ila mvua kubwa za masika zikinyesha, ulizia kwanza hali ya Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa maji, njia hukatika. Na kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, kama huna haraka, kaa ulipo, agiza kahawa, subiri watu waende makwao.

Sasa samaki. Hii ndiyo asubuhi ninayoipenda kuliko zote hapa mjini, na ningependa usiikose.

Saa kumi na mbili asubuhi uwe Feri, kwenye soko la samaki. Ukipanda mwendokasi, shuka Kivukoni, kituo cha mwisho, fuata harufu. Vaa ndala au viatu vya mpira, kwani sakafu ni maji matupu, na beba mfuko wenye mpini. Kamera iache. Ikulu iko jirani na kivuko chenyewe hakipigwi picha, na wavuvi waliotoka kukesha baharini hawapendi kupigwa picha kama wanyama wa mbugani.

Kwanza tazama mnada. Dalali anamwaga samaki mezani na kutaja bei kwa kasi ambayo mimi mwenyewe ilinichukua miezi kuifuata. Wanaomzunguka wengi ni akina mama wanaokaanga samaki Manzese, Tandale, Temeke. Watoto wao wanasoma kwa ndoo hizo za samaki. Simama nyuma, usiingilie, usiinue mkono. Mnada ukipoa, nenda kwa wanaouza rejareja. Changu ni mtamu wa kukaanga, kibua ni wa bei nafuu na mafuta yake mwenyewe, nguru ni wa mchuzi, pweza anataka subira. Tazama jicho: likiwa limetuna na linang'aa, samaki ni wa leo. Fungua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza kwa kidole, nyama irudi. Muuzaji wa kweli atakuacha ufanye yote hayo.

Ukishanunua, kuna vijana wa kuparua magamba na kutoa matumbo, unawalipa kidogo pembeni. Patana kabla kisu hakijagusa samaki. Kisha mchukue mpaka kwa wakaangaji, kwenye makarai makubwa, umkabidhi mmoja na ukae hapo umtazame samaki wako, maana makarai ni mengi na changu wanafanana. Mwambie akaushe vizuri. Unamla kwa mkono, na ndimu, chumvi, pilipili, na kipande cha muhogo. Utakula umekaa na wabeba mizigo na wavuvi, na mtu atakuuliza umetoka wapi. Jibu kwa ukweli, taja mpaka kijiji. Mimi nilipotaja Tabora, mvuvi mmoja aliniambia baba yake alikuwa mkata mikoko wa Rufiji aliyeoa Mnyamwezi, na mpaka leo ndiye ninayempigia simu nikitaka samaki wa shughuli.

Ukimaliza, vuka na pantoni kwenda Kigamboni. Daraja lipo tangu 2016 na wenye magari wanalipenda, lakini pantoni ndiyo ya watu wa miguu. Mara ya mwisho nilipovuka nauli ilikuwa shilingi 200. Safari ni dakika chache, na ukigeuka nyuma unauona mji ukiwa juu ya maji: kanisa la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi za Wajerumani, na majengo marefu ya juzi yakiwa yameyazidi kimo. Upande wa pili kunywa dafu, halafu rudi.

Chakula cha mchana kila mtaa una mama lishe wake. Chagua penye foleni ya mafundi, bodaboda na walimu, sahani zikiwa zinaoshwa haraka. Saa saba inakuwa sawa, saa tisa vitu vizuri vimekwisha. Ijumaa uliza pilau.

Jioni kuna kijiwe cha kahawa. Muuzaji ana birika juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata kwenye sahani. Kahawa ni chungu, haina sukari, na kashata ndiyo inayokusaidia. Utakuta wazee wakicheza drafti na vijana wakibishana mpira. Toa salamu ya wote, kaa, kunywa, nyamaza kidogo. Dada mgeni pia anakaribishwa. Mimi hukaa pembeni na kazi yangu ya kudarizi mapajani, na hakuna aliyewahi kunihoji. Nenda kijiwe kilekile kesho yake, saa ileile. Usikimbilie kijiwe kingine kuona kama ni kizuri zaidi.

Ukibaki na nafasi, tembea ndani ya Magomeni kwa miguu, penye nyumba za zamani zenye baraza mbele, na upite ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru. Ni ndogo. Majirani zangu wengi wana nyumba kubwa kuliko ile.

Sasa nguo yako. Mtajie fundi siku unayosafiri tangu anapokupima, na umtajie mapema, kwa sababu sare za harusi zikiingia sote tunalemewa. Siku ya kuichukua ivae hapohapo kwake. Inua mikono, kaa, inama. Sisi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono kila upande, na kama kwapa linabana tunaliachia wakati unakunywa chai. Wifi alivaa la kwake barazani kwangu, likawa linabana kiunoni. Nikafumua, nikashona upya, na wakati anasubiri akamsaidia jirani kukuna nazi mbili. Basi la Nairobi liliondoka kesho yake alfajiri, akiwa amelivaa.