Kutafuta Mahali Mtandao wa Nyumbani Ulipokatika

Kompyuta inaposhindwa kufungua tovuti, wengi hukimbilia kubadilisha mipangilio ya ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani), na tatizo moja huzaa la pili. Kabla ya kugusa chochote, jua kwanza mawasiliano yamekatika wapi: kati ya kompyuta na ruta, au kati ya ruta na mtoa huduma. Jaribu kifaa kingine kwenye ruta hiyohiyo. Kikipata intaneti, elekeza uchunguzi kwenye kompyuta na waya wake.

Kichwa cha waya wa mtandao kina ulimi mdogo wa plastiki unaolia "tik" unaponasa tunduni. Ulimi huo ukivunjika, waya huonekana umechomekwa vizuri ilhali umelegea, na ukiutikisa, taa iliyo kando ya tundu huzimika. Waya wa namna hiyo ubadilishwe. Ukiwa mzima, jaribu tundu jingine la ruta. Kwa wanaotumia Waifai, sogeza kompyuta karibu na ruta: ikishika vizuri hapo, tatizo ni umbali au kuta, na bendi (masafa ya Waifai) ya 2.4 GHz, ingawa huingiliwa kwa urahisi, hufika mbali kuliko ya 5 GHz.

Kisha tazama anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Katika Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 inaonyesha kwamba kompyuta iliiomba ruta anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe, na ikishatulia andika ipconfig /renew. Penye ruta mbili, hakikisha ni moja tu inayogawa anwani. Zote zikigawa, hitilafu huja na kuondoka bila mpangilio, nayo ndiyo inayochosha kuliko zote.

Anwani ikiwa sawa, andika ping, amri ya kupima kama kifaa kinajibu, ikifuatiwa na namba iliyo kwenye mstari wa Default Gateway, ambayo ndiyo anwani ya ruta. Ikijibu, rudia kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo kwenye intaneti. Hiyo nayo ikijibu na tovuti bado hazifunguki, intaneti ipo. Kilichokwama huenda ni DNS, huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa namba, hivyo weka anwani ya DNS ya umma, 1.1.1.1 au 8.8.8.8, katika mipangilio ya DNS. Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 ikanyamaza kwenye vifaa vyote, mpigie simu mtoa huduma na umsomee majibu hayo kama yalivyo, ili asikurudishe kwenye hatua ulizokwisha kuzipita.